Ajira Isiyo na Ujira: Uhakiki wa Lugha ya Sera za Kukomesha Kazi Hatarishi za Watoto katika Mavuno ya Tumbaku, Tanzania na Malawi

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi zinazotumika katika sheria, sera na kampeni za kukomesha kazi hatarishi za watoto, kwa kutumia mfano wa mavuno ya tumbaku mkoani Tabora, Tanzania, na nchini Malawi. Hoja kuu ni kwamba istilahi tatu zilizozoeleka, yaani ajira ya watoto, utumikishwaji wa watoto na kazi za watoto, kila moja inaliacha nje kundi la watoto ambalo sera ilikusudia kulilinda. Mtoto anayechuma jani bichi katika shamba la baba yake hakuajiriwa, hakulazimishwa, na machoni pa jirani anafanya jambo jema. Hata hivyo, sumu iliyomo katika jani hilo haibagui kati ya mwana na kibarua. Makala inapendekeza namna ya kuitaja kazi hiyo katika Kiswahili cha sheria na kubainisha nani wa kuwajibika, kwa kuwa lugha hii sasa imepewa kazi ya kutunga sheria na siyo ya kuzifafanua tu.

1.0 Utangulizi

Tumbaku ya Virginia huvunwa jani kwa jani, kuanzia chini ya shina kwenda juu, kadiri majani yanavyoiva. Mvunaji hupita katika tuta lilelile mara nyingi kabla shina halijabaki mtupu. Huchuma majani machache kwa kila shina, akayabana kwapani hadi mzigo ujae, kisha akaupeleka mwisho wa tuta. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, kazi hiyo huangukia ndani ya msimu wa mvua. Jani huwa limelowa kwa umande asubuhi, au kwa mvua iliyonyesha usiku, na nguo ya mvunaji hulowa pamoja nalo.

Nikotini huyeyuka katika maji na hupenya ngozi. Mvunaji aliyelowa maji ya majani anaweza kupatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na udhaifu wa mwili. Ugonjwa huo ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1970, kutokana na wavunaji wa tumbaku wa jimbo la Florida, Marekani, na umekuja kujulikana kama ugonjwa wa tumbaku mbichi. Mtoto yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, bado unakua, na haujazoea nikotini. Hayo ni katika hatua ya kuchuma tu. Baada yake huja kutunga majani kwenye fito, kuyapandisha katika bani, kuchochea moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, na hatimaye kupanga madaraja katika vumbi la majani makavu.

Katika Kiswahili, neno mavuno hubeba furaha. Ni wakati wa shibe, ngoma na mahari. Msemaji wa lugha hii hategemei kulikuta neno hilo karibu na neno sumu. Mgongano huo mdogo wa maana ndio mlango wa uhakiki huu. Swali linaloulizwa si kama watoto wanafanya kazi katika mavuno ya tumbaku, kwani jambo hilo limekwisha kuthibitishwa. Swali ni kama lugha ambayo serikali, mashirika na vyama vya ushirika huitumia kulizungumzia jambo hilo inamwona mtoto anayehusika.

2.0 Muktadha wa kisheria na kitakwimu

Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF yaliyotolewa mwaka 2025 yanaonyesha kwamba watoto milioni 138 duniani walikuwa katika kazi zisizowafaa mwaka 2024, na kati yao milioni 54 walikuwa katika kazi hatarishi. Kilimo kilibeba asilimia 61 ya watoto wote hao. Afrika Kusini mwa Sahara ina sehemu kubwa kuliko kanda nyingine yoyote, watoto wapatao milioni 87. Lengo namba 8.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu lilikusudia kukomesha kazi za aina hiyo ifikapo mwaka 2025. Mwaka huo umefika bila lengo kutimia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Tanzania Bara ilikuwa na watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 katika kazi zisizowafaa, sawa na karibu asilimia 29 ya watoto wa umri huo. Utafiti wa Malawi wa mwaka 2015 ulikadiria watoto milioni 2.1, sawa na asilimia 38. Katika nchi zote mbili kilimo ndicho kilichowachukua wengi wao.

Mikataba ya kimataifa inayohusika ni mitatu. Mkataba Na. 138 wa mwaka 1973 unaweka umri wa chini wa kuanza kazi, na katika kazi hatarishi unaweka umri wa miaka 18. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999 unazihesabu kazi hatarishi kuwa miongoni mwa aina mbaya kabisa za kazi za watoto, na unaitaka kila nchi iziorodheshe baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Mkataba huu ulikamilisha kuridhiwa na nchi zote wanachama wa ILO mwezi Agosti 2020. Mkataba Na. 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unarudia umri huo wa miaka 18 kwa kazi hatarishi za shambani. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 138 mwaka 1998 na Na. 182 mwaka 2001. Malawi iliridhia yote miwili mwaka 1999.

Kwa hiyo upungufu hauko katika kukosekana kwa sheria. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza duniani, pamoja na El Salvador na Nepal, kuingia mwaka 2001 katika mpango wa ILO wa kukomesha aina mbaya za kazi za watoto kwa muda maalumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mahali penye mazingira hatarishi, kilimo kikiwa kimetajwa kwa jina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuata njia hiyo hiyo. Malawi nayo ilitoa mwaka 2012 amri ya kukataza kazi hatarishi kwa watoto, ambayo iliitaja tumbaku kwa jina. Sheria zipo, na watoto wako shambani. Katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili kuna umaskini, kuna uhaba wa wakaguzi, na kuna lugha. Mambo mawili ya kwanza yamejadiliwa sana. La tatu limejadiliwa kidogo.

3.0 Istilahi tatu na mtoto asiyeonekana

3.1 Ajira ya watoto

Istilahi iliyoenea zaidi katika maandishi ya serikali na vyombo vya habari vya Tanzania ni ajira ya watoto, pamoja na mwenzake ajira mbaya kwa watoto. Neno ajira lina asili moja na ujira, ajiri, mwajiri na mwajiriwa. Maneno haya yote yanazunguka makubaliano ya watu wawili, mmoja akitoa kazi na mwingine akitoa malipo. Msikilizaji wa Kiswahili anapoambiwa ajira ya watoto, anachokiona ni mtoto wa mtu mwingine anayelipwa na mgeni: kibarua, mtumishi wa ndani, mchimbaji katika machimbo madogo.

Mtoto wa Urambo anayechuma jani katika shamba la wazazi wake hana mwajiri wala hapati ujira. Kwa mujibu wa neno lenyewe, kitendo chake si ajira, hata kama mwili wake unapokea nikotini ileile. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba kiasi cha asilimia 72 ya watoto waliokuwa katika kazi zisizowafaa walikuwa wakifanya kazi ndani ya familia zao. Yaani istilahi inayotumika sana inalieleza kundi dogo na kuliacha kundi kubwa.

Athari yake si ya kinadharia. Mkaguzi anayemuuliza mkulima kama ameajiri watoto hupewa jibu la hapana, na jibu hilo ni la kweli. Mkulima hakudanganya, swali ndilo lililokosea. Fomu hujazwa, safu ya ajira ya watoto hubaki tupu, na taarifa hupanda kutoka chama cha msingi hadi wilayani, kutoka wilayani hadi wizarani, ikiwa safi na isiyo na faida.

3.2 Utumikishwaji wa watoto

Istilahi ya pili, utumikishwaji wa watoto, ilikuja kurekebisha upungufu wa ile ya kwanza. Haidai ujira, na hivyo inaweza kuingia hadi nyumbani. Lakini umbo lake lina tatizo lingine. Kitenzi tumikisha kina kiambishi cha kusababisha, na kauli ya kutendwa inayofuata inamfanya mtoto kuwa mtu aliyetendewa. Nomino nzima inadai awepo mtumikishaji, mtu mwenye nguvu na nia ya kukandamiza. Katika Kiswahili cha kawaida, anayetumikisha ni bwana, na anayetumikishwa yuko karibu na mtumwa.

Mzazi anayelima ekari chache za tumbaku kwa mkopo wa pembejeo hajioni katika sura hiyo. Yeye mwenyewe huamka kabla ya mtoto na hulala baada yake. Anaposikia redioni kwamba watumikishaji wa watoto watachukuliwa hatua, huafiki, kwa kuwa anawafikiria watu wengine. Istilahi iliyokusudiwa kumgusa inampita pembeni, si kwa sababu ni laini mno, bali kwa sababu ni kali mno.

3.3 Kazi za watoto

Istilahi ya tatu, kazi za watoto, ni pana na haina lawama. Kwa sababu hiyo inabeba kila kitu, kuanzia kufagia uwanja hadi kupulizia dawa ya kuua wadudu. Inapotumika peke yake, humfanya mwananchi aamini kwamba serikali inapinga mtoto kuteka maji au kuchunga mbuzi, na hapo hoja nzima huonekana kuwa ya kigeni na ya kudharau malezi. Vivumishi vinavyoongezwa ili kuipunguza, hasa ya hatari, havitoshi. Hatari katika matumizi ya kila siku ni jambo la ghafla linaloonekana: nyoka, moto, panga, gari. Jani la kijani si hatari kwa maana hiyo. Madhara yake huja polepole, na kichefuchefu cha jioni huhesabiwa kuwa malaria au uchovu.

Kivumishi hatarishi, ambacho kimeenea katika maandishi ya kitaalamu, ni bora kidogo, kwa kuwa kinatokana na kitenzi hatarisha na hivyo kinaeleza uwezo wa kitu kuleta madhara hata kabla madhara hayajatokea. Hata hivyo, kimebaki kuwa neno la ofisini. Mkulima hulisikia katika semina na kuliacha hapo hapo.

4.0 Neno kusaidia na historia yake

Mkulima akiulizwa mtoto wake anafanya nini shambani, hujibu kwamba anamsaidia. Neno hili ndilo ngome halisi ambayo sera haijaigusa. Kusaidia ni wema. Methali husema samaki mkunje angali mbichi, na mzazi asiyemzoeza mwanawe kazi huhesabiwa kuwa amemharibu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 wenyewe unazibeba pande zote mbili. Ibara ya 15 inamlinda mtoto dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi na kazi zinazoweza kumdhuru. Ibara ya 31 inamtaja mtoto kuwa mtu mwenye wajibu kwa familia yake, wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji, kwa kuzingatia umri na uwezo wake. Watunga sera hupenda kunukuu ibara ya kwanza. Wakulima, bila ya kuisoma, huishi ndani ya ile ya pili.

Kuna wasomi waliolichukua jambo hili kwa uzito. Michael Bourdillon na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 2010 kuhusu haki na makosa katika kazi za watoto, walitetea kwamba kazi nyingi za watoto huwajenga, kwamba kufanya kazi na kusoma huweza kwenda pamoja, na kwamba makatazo ya jumla wakati mwingine huwaumiza watoto yaliyokusudia kuwalinda. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Inafaa kabisa kwa palizi ya mahindi, kuchuma mboga, au kuwafukuza ndege katika mpunga. Ila inajengwa juu ya dhana kwamba ubaya au uzuri wa kazi hutegemea uhusiano wa mtoto na anayemtuma, saa anazotumia, na nafasi inayobaki kwa shule. Katika tumbaku mbichi, madhara yanatoka katika kitu kinachoshikwa. Upendo wa mzazi, saa chache na mahudhurio mazuri shuleni haviondoi nikotini katika jani lililolowa. Hapa utetezi wa kazi kama malezi unafika mwisho wa eneo lake, na kufika huko hakuubatilishi mahali pengine.

Historia ya Malawi inatoa onyo la ziada kuhusu neno kusaidia. Neno thangata katika Kichewa lilihusu kusaidiana, jirani akimfanyia jirani kazi kwa zamu. Chini ya ukoloni, katika mashamba ya walowezi wa Nyanda za Juu za Shire, neno hilo hilo lilifanywa kuwa jina la kazi ambayo mwanakijiji alilazimika kumfanyia mwenye shamba ili aruhusiwe kukaa katika ardhi. Manung'uniko juu ya mfumo huo yalikuwa miongoni mwa sababu za uasi ulioongozwa na John Chilembwe mwaka 1915. Neno la ukarimu liligeuzwa kuwa chombo cha kunyang'anya nguvu za watu, na ukarimu uliobaki ndani yake ulifanya unyang'anyi huo uwe mgumu kutajwa.

Baada ya ukoloni, mashamba makubwa ya tumbaku nchini humo yaliendelea kuutumia mfumo wa familia zinazohamia shambani, zikipewa ardhi, chakula na pembejeo kwa mkopo, kisha zikilazimika kumuuzia mwenye shamba majani yao. Maandishi ya Kiswahili huwaita watu hao wapangaji, kwa kufuata neno la Kiingereza. Tafsiri hiyo inapotosha. Mpangaji katika Kiswahili ni mtu anayelipa kodi ya nyumba na kuwa na uhuru wa kuhama. Familia hizo zilifungwa na deni, na makubaliano yalifanywa na mkuu wa kaya peke yake, huku kazi ya mke na watoto ikiwa ndani ya makubaliano bila ya kutajwa. Mwaka 2021 Malawi ilirekebisha Sheria ya Ajira na kuufuta mfumo huo. Ni hatua kubwa. Lakini mpangilio wa msingi, yaani mkataba unaosainiwa na mtu mmoja na kutekelezwa na kaya nzima, haukuwa wa mashamba makubwa peke yake. Unapatikana pia kwa mkulima mdogo wa Tabora.

5.0 Tathmini ya hatua zilizochukuliwa

Lugha iliyojadiliwa hapo juu imezaa hatua za aina tatu, na kila moja inafaa kupimwa.

Ya kwanza ni kampeni za kutokomeza. Kitenzi tokomeza, pamoja na kupiga vita, hutoka katika msamiati wa mapambano. Kinaeleza tukio lenye mwanzo na mwisho: adui anafika, anashindwa, anatoweka. Kazi ya mtoto katika mavuno hurudi kila mwaka pamoja na mvua, kwa sababu jani likiiva halisubiri. Kampeni huja na gari na bango, watoto huondolewa shambani kwa siku hiyo, na kesho yake tuta liko palepale. Ujenzi wa madarasa na elimu ya msingi bila ada, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2016, vimekuwa na manufaa ya kweli, kwa kuwa vimepunguza sababu ya mtoto kutafuta fedha. Havijagusa saa za asubuhi kabla ya shule, wala mwisho wa wiki, ambapo jani lenye umande huchumwa.

Ya pili ni vifungu katika mikataba ya kilimo. Makampuni ya ununuzi huweka sharti kwamba mkulima asitumie watoto. Sharti hilo ni jema katika maandishi, lakini linaihamisha dhamana yote hadi mwisho wa mnyororo, kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mkataba huohuo unampa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa kipimo cha eneo analolima, na deni lake hukatwa wakati wa mauzo. Tumbaku hudai siku nyingi sana za kazi kwa kila hekta. Mkataba unaopima ardhi na kuacha kupima mikono umekwisha kuamua, bila ya kusema, mikono mingine itatoka wapi. Kifungu cha kukataza watoto katika mkataba wa namna hiyo ni sharti ambalo hesabu ya mkataba wenyewe inalivunja.

Ya tatu ni vikwazo vya biashara. Mwezi Novemba 2019 mamlaka ya forodha ya Marekani ilitoa amri ya kuzuia tumbaku kutoka Malawi kwa shaka ya kazi ya kulazimishwa, ikiwemo ya watoto, na baadaye ikawaruhusu wauzaji walioweza kuthibitisha usafi wa mnyororo wao. Amri hiyo ilifanya jambo ambalo semina hazikulifanya: iliwagusa wanunuzi kwa hasara. Upungufu wake upo katika msamiati wake. Ilijengwa juu ya dhana ya kulazimishwa, ambayo inamfaa mtoto wa familia iliyofungwa na deni katika shamba kubwa, na haimfai mtoto anayemsaidia mama yake. Aidha, mwenye uwezo wa kuthibitisha mnyororo ni mwenye ofisi na wakaguzi, siyo mkulima anayepeleka marobota yake sokoni kwa baiskeli.

Kuna hoja moja ya kisheria ambayo hatua hizi zote zimeitumia kidogo. Mkataba Na. 138, katika ibara ya 5, unaruhusu nchi kuyaacha nje mashamba madogo ya familia, iwapo yanazalisha kwa matumizi ya mahali yalipo na hayaajiri vibarua mara kwa mara. Wengi huisoma ruhusa hiyo kana kwamba shamba la familia halimo kabisa. Masharti yake ni mawili na yote lazima yatimie. Tumbaku ya Tabora au ya Malawi hulimwa kwa ajili ya soko la dunia. Kwa hiyo hata shamba la nusu ekari linalolimwa na baba, mama na watoto haliwezi kujificha nyuma ya ruhusa hiyo. Lugha ya mkataba wa kimataifa inamfikia mtoto huyo. Ni Kiswahili cha sera kinachomwacha njiani.

6.0 Kuelekea Kiswahili cha sheria kinachomwona mtoto

Suala hili lina uzito wa pekee katika miaka hii. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Tanzania na Malawi zote ni wanachama, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria yake ya tafsiri ya sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Maana yake ni kwamba uteuzi wa neno, ambao zamani ulikuwa kazi ya mfasiri wa kijitabu cha kampeni, sasa ni uteuzi wa mpaka wa kosa. Neno ajira likiingia katika kifungu mahali pa neno kazi, mahakama italazimika kuuliza kama kulikuwa na mwajiri. Mtetezi hodari hatahitaji zaidi ya swali hilo.

Mapendekezo manne yanatokana na uhakiki huu.

Kwanza, kifungu kikuu kijengwe juu ya kitenzi dhuru, kwa umbo la kazi inayomdhuru mtoto. Katika umbo hili kazi ndiyo kiima na mtoto ndiye yambwa. Haihitajiki kuthibitisha ujira wala ukatili. Mzazi anaweza kulisikia bila ya kuhisi kwamba ametukanwa, na anaweza kujiuliza swali lenye jibu: je, kazi hii inamdhuru?

Pili, orodha ya kazi zilizokatazwa iandikwe kwa maneno ya shambani, hatua kwa hatua: kukata maua, kuondoa machipukizi, kuchuma jani bichi, kulibeba, kulitunga kwenye fito, kupanda katika bani, kukesha na moto, kupulizia dawa, kupanga madaraja. Malawi imetangulia kwa kuitaja tumbaku katika amri yake ya 2012, na Tanzania ina orodha yake katika kanuni. Kinachohitajika ni orodha ambayo katibu wa chama cha msingi anaweza kuisoma kwa sauti mbele ya wanachama bila ya mtu kuuliza maana. Kanuni moja iwe juu ya nyingine zote: mtu wa chini ya miaka 18 asiguse jani bichi la tumbaku, awe wa nyumbani au wa kukodiwa.

Tatu, umbo la kazi inayomdhuru mtoto lina udhaifu unaopaswa kukiriwa. Linapoiweka kazi kuwa kiima, linaweza kumsahau mtu. Kazi haijitumi yenyewe. Kwa hiyo kifungu cha kwanza lazima kifuatwe na cha pili kinachowataja wenye dhamana kwa zamu: mzazi anayeruhusu, mwenye shamba anayenufaika, na mnunuzi ambaye mkataba wake umeidai kazi hiyo. Kwa huyu wa mwisho, kipimo kiwe hesabu. Ukubwa wa eneo unaowekwa katika mkataba uthibitishwe kwa idadi ya watu wazima katika kaya na kwa fedha iliyotengwa ndani ya mkopo kwa ajili ya vibarua wa wakati wa kuchuma. Mkataba usio na fungu la vibarua uhesabiwe kuwa umeomba mikono ya watoto.

Nne, swali la mkaguzi libadilishwe. Badala ya kumuuliza mkulima kama ameajiri watoto, aulizwe nani alichuma jani lililomo katika bani leo, na nani alilitunga. Swali hilo halimshtaki mtu. Hujibiwa kwa majina, na majina yana umri.

7.0 Hitimisho

Mjadala kuhusu kazi hatarishi za watoto katika kilimo umezoea kuuweka umaskini upande mmoja na sheria upande mwingine, kana kwamba kilichobaki ni kuongeza fedha upande wa kwanza na wakaguzi upande wa pili. Uhakiki huu haukanushi lolote kati ya hayo. Bei duni ya jani, deni la pembejeo na ukosefu wa zao mbadala vitaendelea kuwapeleka watoto shambani hata kama kamusi yote itaandikwa upya. Neno peke yake halichumi wala halilipi vibarua.

Hata hivyo, fedha na ukaguzi hupelekwa mahali ambapo lugha imeonyesha kwamba pana tatizo. Kwa miaka zaidi ya 20, Kiswahili cha sera kimeelekeza macho kwa mtoto aliyeajiriwa na mtoto aliyetumikishwa. Hao wapo na wanastahili kulindwa. Lakini aliye wengi zaidi ni yule anayetoka na mama yake alfajiri, kabla ya kengele ya shule, na kurudi nguo zikiwa zimelowa maji ya majani. Hakuna mtu kijijini anayemwita mwajiriwa wala mtumwa. Wanamwita mtoto mwema. Sheria itakayoandikwa kwa Kiswahili itakuwa na thamani kwa kadiri itakavyoweza kumtaja huyo bila ya kumtukana mama yake, na bila ya kumsahau anayelinunua jani.